Naomba ushauri: niipange vipi historia ya Tallinn, mji uliobadilisha watawala mara nyingi?

Ndugu zangu, ninaandaa makala kuhusu Tallinn, mji mkuu wa Estonia, na nimekwama katika mpangilio. Nilianza kwa kufuata watawala: Valdemar wa Pili wa Denmark aliyeuteka mlima wa Toompea mwaka 1219, watawa wapiganaji wa Kijerumani waliouziwa eneo hilo mwaka 1346, Waswidi kuanzia 1561, kisha Warusi mwaka 1710.

Hata hivyo, mpangilio huo unaficha jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi. Wafalme walipita, lakini wafanyabiashara wenye kusema Kijerumani waliendelea kuushika mji kwa karne nyingi, wakitumia sheria ya Lübeck, mji wa kibiashara wa Kijerumani, waliyoipata mwaka 1248, na hata Petro Mkuu, mtawala wa Urusi, aliwathibitishia haki zao baada ya mji kusalimu amri mbele ya Warusi. Waestonia, wenye nchi yao, walisubiri hadi mwaka 1904 ndipo wakashinda uchaguzi wa baraza la mji, tena kwa kuungana na Warusi. Uhuru wa 1918 nao ulikatizwa na Wasovieti mwaka 1940, Wanazi 1941, na Wasovieti tena kuanzia 1944 hadi 1991.

Je, mngenishauri nifuate maisha ya wenyeji badala ya wafalme? Na kwa karne za nyuma niandike Reval, jina la Kijerumani lililozoeleka wakati huo, au Tallinn tangu mwanzo? Nachelea kwamba nikitumia Reval nitakuwa nimewapokonya Waestonia mji wao kwa mara nyingine.