Mwaka unaisha, pointi za CPD (mafunzo endelevu ya mawakili) hazijatimia, na Machi nataka kufungua ofisi. Nishaurini

Binti_Kilifi:
Hamjambo wanajukwaa, hasa mawakili. Naomba ushauri, na msinifiche kitu.

Niliapishwa mwanzoni mwa mwaka jana. Tangu nipate cheti changu cha kwanza cha uwakili nimeajiriwa na kampuni moja ya mawakili hapa Pwani. Kazi yangu kubwa ni ardhi: mikataba ya mauziano, upangaji, na mirathi kidogo. Machi natimiza miaka miwili na nia yangu ni kufungua ofisi Kilifi mjini. Chumba nishakiona, mwenye nyumba ananingojea.

Kinachonikosesha usingizi ni pointi za mafunzo endelevu. Chama chetu cha mawakili Kenya, LSK, kinataka pointi 5 kwa mwaka ndipo upate cheti cha mwaka unaofuata. Kwenye akaunti yangu zinaonekana 2. Kuna semina nilihudhuria Mombasa mwezi wa saba, nikatia sahihi asubuhi na jioni, lakini waandaaji hawajawasilisha majina mpaka leo. Nikipiga simu naambiwa "tunashughulikia". Mwajiri hatoi ruhusa siku za kazi. Ada, nauli na chakula ni juu yangu, na mshahara wa wakili mchanga mnaujua.

Mwenzangu ofisini ananiambia nisihangaike: eti Mahakama ya Juu ilishasema hati iliyoandikwa na wakili asiye na cheti ni halali, kwa hiyo cheti kikichelewa Januari niendelee na kazi. Ni kweli? Na je, ipo njia ya kupata pointi zilizobaki kabla ya tarehe 31 Desemba bila kuacha kazi?

Mzee_wa_Jalada (Mombasa):
Binti yangu, huyo mwenzako amekusomea nusu ya hukumu.

Kesi anayoisema ni ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, ya mwaka 2015. Benki ilikopesha ikachukua ardhi kuwa dhamana, kisha ikabainika kwamba wakili aliyeandika hati ya dhamana hakuwa na cheti cha mwaka ule. Mahakama Kuu ikaibatilisha hati, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mahakama ya Juu ndiyo iliyopindua. Ilisema kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamwandama aliyeandika, wala hakisemi kwamba hati inakufa. Mteja aliyemwendea wakili kwa nia njema asiponzwe na kosa la wakili.

Sasa jiulize, katika hukumu hiyo ni nani aliyeokolewa? Ni mteja. Wewe uliyeandika bila cheti umebaki palepale: kifungu cha 9 kinasema ili uhesabiwe kuwa wakili lazima uwe na cheti hai, na cha 31 kinakukataza kufanya kazi ya wakili kama huna. Nidhamu inakusubiri. Mahakamani ni haraka zaidi, maana upande wa pili wakiingiza jina lako kwenye tovuti ya LSK wanaona papo hapo kama cheti chako kiko hai.

Tena kwako wewe kuna jambo ambalo hukuligusa. Soma kifungu cha 32. Hairuhusiwi kujitegemea mpaka uwe umefanya kazi ya kuajiriwa miaka miwili kamili tangu cheti cha kwanza, na neno lililotumika ni *mfululizo*. Umebakisha miezi michache. Mbona uache pengo Januari ili watu waje kubishana kama hesabu yako ilikatika?

Msomi_Tanga:
Msomi mwenzangu, pole na majukumu. Naongezea kutoka upande wa pili wa mpaka kwa sababu najua mawakili wa Pwani mna wateja hadi huku. Mahakama yetu ya Rufani, katika shauri la Edson Osward Mbogo dhidi ya Emmanuel Nchimbi, ilichukua msimamo mkali: wakili asiye na cheti hai hana sifa, na nyaraka alizoandaa hazina nguvu. Mteja huku anaweza kupoteza shauri zima kwa uzembe wa wakili. Anaj msije nayo Tanzania.

Nimechoka_Kulipa:
Mimi nasema ukweli wangu. Haya mafunzo yamekuwa mzigo kwa vijana. Unalipa, unakaa hotelini, mtu anasoma slaidi neno kwa neno, saa nane nusu ya ukumbi washaondoka, na wote wanapata pointi sawa. Wakili wa Lamu akihesabu nauli na malazi, ameshapoteza faida ya faili mbili.

Karani_wa_Leicester:
Nimechoka, hoja yako ilishawahi kusikilizwa Uingereza. Soliseta, yaani mawakili wa huku, walikuwa wakihesabu saa 16 za mafunzo kwa mwaka. Kuanzia Novemba 2016 hesabu ya saa ikafutwa. Sasa kila mwaka unapima kazi yako mwenyewe, unaandika ulipopungukiwa, unajifunza hapo, kisha unathibitisha kwamba umefanya hivyo. Mie ninayefanya kazi huku naona ni bora, ila hakuna wa kukusukuma. Mvivu anapitwa na sheria na hajui.

Wakili_Ziwani (Kisumu):
Dada Kilifi, nije kwenye swali lako la pili.

Usipige simu tena. Waandikie waandaaji baruapepe, ambatisha risiti ya malipo na cheti cha kuhudhuria kama walikupa, weka namba yako ya uwakili, na upeleke nakala kwa LSK. Wape siku saba. Majina hukwama kwa vitu vidogo: namba imekosewa tarakimu moja, au umejiandikisha kwa jina lisilo kwenye orodha ya mawakili. Kagua hilo kwanza.

Zilizobaki zitafute kwenye semina za mtandaoni, nyingine huwa jioni. Hakikisha mwandaaji ameidhinishwa kabla ya kulipa. Kisha usiokote mada yoyote iliyo karibu. Wewe ni wa ardhi: tafuta ya utakatishaji fedha. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023 yametuingiza mawakili kwenye orodha ya wanaopaswa kuripoti miamala ya kutiliwa shaka, na kumnunulia mteja ardhi kumo. Ukifungua ofisi, wajibu wa kumjua mteja na chanzo cha fedha zake utakuwa wako, si wa bosi. Ya pili iwe Sheria ya Kulinda Data ya 2019, maana hizo nakala za vitambulisho na PIN za kodi za KRA utazihifadhi wewe.

Nimechoka, kuhusu gharama nakuunga mkono kabisa. Lipeleke kwenye mkutano wa tawi lenu, mpige kura.

Binti_Kilifi:
Ahsanteni sana, na Mzee shikamoo. Nimekagua: kwenye fomu ya semina niliandika jina la baba, kwenye orodha ya mawakili nina jina la babu. Barua naituma leo usiku. Kuhusu chumba, nilipe kodi ya Machi?

Mzee_wa_Jalada (Mombasa):
Marahaba. Usilipe bado. Toa cheti chako cha kwanza, tazama tarehe yenyewe, uhesabu miaka miwili kuanzia hapo. Mwombe mwenye nyumba akuwekee mpaka Aprili, na kwa bosi omba barua inayoonyesha tarehe ulizofanya kazi kabla hujaaga.