Naomba ushauri: unga wa mlonge unashika unyevu

Habari zenu ndugu zangu. Niko Nkuhungu, Dodoma, nauza unga wa mlonge na ubuyu nyumbani. Majani nayaanika kivulini juu ya neti mpaka yavunjike mkononi, ndipo nasaga. Kiangazi hakuna shida, ila mvua za Januari zikianza unga unashikana mabonge ndani ya mfuko na kijani kinafifia. Nimetupa kilo 6, roho imeniuma sana. Nihamie makopo au mifuko ya foili?

Halafu kuna mama wa presha aliniuliza kama aache vidonge vya hospitali, nikamkatalia kabisa. Tangu hapo nataka kusajili. Aliyepitia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ulianzia wapi?