Albumini ya mama: apime damu peke yake, vipimo vyote vya ini, au mkojo?

Kifunguo88: Wakuu, habari. Mama ameandikiwa kipimo cha albumini. Maabara wananiuliza nataka albumini tupu, vipimo vyote vya ini, au albumini ya mkojo. Tunakwenda kesho. Nichague kipi?

Mgomba: Mkuu, mama anaumwa nini? Anavimba? Ana kisukari, presha? Bila hayo tunapiga ramli.

Pipeti: Niko maabara. Albumini ni protini ya damu inayotengenezwa na ini. Kwa mtu mzima kawaida ni gramu 35 hadi 50 kwa lita. Ikiwa chini, namba haisemi imepotelea wapi: ini limechoka, figo zinavujisha, au kuna maambukizi. Mimi ni vipimo vyote vya ini, albumini imo humo.

BiMkubwa: Mkojo! Baba yangu alivimba miguu, albumini ikasoma 24. Tukaambiwa ni lishe. Tukamlisha mayai na maziwa kila siku, naye akazidi kuvimba, asubuhi hata macho hayafunguki. Damu ikatolewa tena, namba imeshuka zaidi. Hakuna aliyegusa mkojo mpaka daktari mwingine alipouliza kama una povu. Kumbe figo ndizo zilizokuwa zinamwaga protini, sisi tunahangaika na sahani. Inaniuma mpaka leo.

Jabali: Lakini mayai yanasaidia jamani, ule ute mweupe ndio albumini yenyewe.

Pipeti: Hapana mkuu. Ya yai inameng'enywa tumboni kama protini nyingine yoyote. Ya damu inaundwa upya na ini. Tena nusu yake huchukua kama siku 20 kuondoka, kwa hiyo mlo wa juzi hauonekani. Na maambukizi huishusha hata kwa anayekula vizuri.

Jabali: Bado naamini mayai.

Kifunguo88: Samahani, nilikuwa njiani. Ana kisukari cha miaka mingi. Miguu inavimba jioni.

Mgomba: Sasa ndiyo umesema! Mkojo wa asubuhi, wapime uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo).

Pipeti: Na damu msiiache. Akae kwanza kabla ya kutolewa. Kusimama muda mrefu na mpira kukaza mkono sana hupandisha namba. Mkirudia, iwe maabara ileile. BCG na BCP, rangi ambazo maabara hutumia kupimia albumini, hazisomi sawa, BCG huelekea juu hasa albumini ikiwa chini.

Jabali: Alale bila kula?

Pipeti: Kwa albumini si lazima.

BiMkubwa: Kifunguo, fomu ya daktari imeandika damu au mkojo? Ipige picha uiweke hapa, ficha jina.