Tunaoongoza vikundi vya waliorudi kutoka kujitolea nje ya nchi: tupeane uzoefu, nani alikupokea na wewe umempokea nani?

Habari zenu wakuu,

Huu uzi ni wetu sisi tunaoongoza vikundi vya watu waliokwenda kujitolea nje ya nchi wakarudi. Wenyeviti, makatibu, waweka hazina, na wale wasio na cheo chochote ila ndo wanaopanga viti na kufunga mlango wa mwisho. Mimi ni mwenyekiti mwaka wa sita huu. Kila tukikutana viongozi tunaongelea ada, mahudhurio na nani hajajibu kwenye grupu, tunamaliza saa mbili hapo, na kazi yenyewe hatujaigusa. Kwangu mimi kazi yenyewe ni kumpokea mtu aliyerudi juzi. Hayo mengine yapo kwa ajili ya hiyo.

Naanza na yangu. Nilikaa nje miaka miwili na miezi mitatu, nikarudi. Nyumbani walinipokea vizuri sana siwezi kusema uongo, wiki ya kwanza kila mtu "enhe, huko kukoje?" ila ukifika sentensi ya tatu unaona macho yameshahamia kwingine. Wiki ya pili hakuna anayeuliza tena. Nikawa naamka alfajiri sina pa kwenda, yaani huko nilikuwa mtu, kikao cha kamati ya maji kilikuwa hakianzi mpaka nifike, hapa mimi ni mtu anayetafuta kazi na anayesimulia sana. Siku ya kumi na tisa simu ikaita, namba ngeni. Mama mmoja, akasema ni katibu wa kikundi, yeye mwenyewe alienda kujitolea kabla mimi sijazaliwa. Hakuniuliza kukoje. Akaniuliza, "Jirani yako wa huko alikuwa anaitwa nani?"

Nilikaa kitandani. Nikamtaja jina, nikaanza kumwelezea, nikaongea dakika arobaini na kitu na yule mama hakunikatiza hata mara moja, mara anaitikia "mmh", mara anauliza na watoto wake je. Tangu nirudi hakuna aliyekuwa amenipa nafasi ya kulitamka lile jina. Mwezi uliofuata nikaenda kwenye kikao, na mwaka uliofuata nikapewa uongozi.

Sasa upande wa pili, na hapa ndo panaponiuma. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa nafanya kila kitu mwenyewe, barua, hesabu, matangazo, ukumbi, na nilikuwa naona fahari kabisa. Walirudi vijana wawili, majina yao nililetewa na mtu, nikayaandika pembeni ya daftari nikisema nitawapigia nikimaliza maandalizi ya tarehe 5 Desemba, ile siku ya kimataifa ya wanaojitolea. Sikuwapigia. Mmoja nilikutana naye mwaka mzima baadaye kwenye shughuli nyingine kabisa, akaniambia kwa upole tu, "mi nilijua kile kikundi ni cha wazee." Sherehe ilifana, watu walijaa, na mtu mmoja aliyekuwa anatuhitaji alikuwa kwao amekaa peke yake.

Karibuni. Andikeni yaliyowakuta nyie wenyewe, na kama kuna shirika au ofisi ilikuumiza usilitaje jina, tubaki kwenye uongozi wetu.

—

Katibu, kikundi mchanganyiko

Asante mwenyekiti. Mimi ni wale tuliorudishwa Machi 2020 kwa ajili ya korona. Mnakumbuka mwezi ule Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kutuma wanaojitolea nje, walirudisha watu wao wote kwa mpigo, karibu 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60, haijawahi kutokea tangu waanze 1961. Sisi wa programu nyingine tukafuata. Nilipata jioni moja tu ya kufunga mizigo. Nguo zangu zilikuwa bado kwenye kamba, nilizianua mbichi, nyingine nikaziacha, na wanafunzi wangu sikuwaaga mana shule ilishafungwa.

Nimefika nyumbani navua jaketi ili niingie karantini, nakuta ufunguo wa kule mfukoni. Ufunguo wa mlango wa mbele, una kamba nyekundu aliyoifunga mwenye nyumba ili nisiupoteze. Nililia kwa ajili ya ule ufunguo kuliko kitu chochote.

Aliyekuwa anaongoza kikundi wakati ule alifanya jambo ambalo mpaka leo naliiga. Alituita kwa video, tulikuwa kumi na moja, akasema leo hakuna hotuba, hakuna mipango, kila mtu aelezee chumba alichokiacha, mlango uko wapi, dirisha linatazama nini, mezani kumebaki nini. Basi. Tulikaa mpaka saa sita usiku. Kuna kaka alisema aliacha kikombe cha chai nusu, akanyamaza muda mrefu, na kiongozi akamwacha anyamaze, hakurukia kumfariji. Jamani viongozi wenzangu hilo la kuacha mtu anyamaze ni gumu kuliko kuandaa mkutano mkuu.

Ufunguo ninao bado, umo kwenye boksi la kumbukumbu za kikundi. Mwenye nyumba alishaniambia kitasa kimebadilishwa.

—

Mweka hazina mstaafu

Nawapongeza kwa hayo ya moyoni, mimi naleta ya mezani mana nayo yanaua vikundi.

Mwenyekiti wetu alihamia mji wa mbali kikazi. Mtu mwema sana, alibeba kikundi miaka tisa. Kuondoka kwake tukagundua barua pepe ya kikundi ni yake binafsi, pasiwedi za ukurasa anazo yeye, na benki watia saini ni wawili, yeye na mwenzetu mmoja aliyeshafariki. Miezi minane hatukuweza kutoa hata senti, na ndani ya miezi hiyo kuna dada alirudi anaumwa, hana bima wala nini, tukachangishana mifukoni huku hela ya kikundi ipo tunaiona kwenye karatasi. Sikuwahi kujisikia vibaya vile.

Sasa tuna watia saini watatu, wawili wakitosha. Barua pepe ni ya kikundi, na pasiwedi ziko kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Kila kiongozi ana makamu, tena makamu anayefanya kazi kweli tangu mwezi wa kwanza, asiwe wa kusubiria mtu augue. Cheo mwisho miaka miwili, ukitaka kuendelea chukua kingine. Wengi walinuna mwanzoni.

Halafu hela za kutuma kule tulikojitolea. Kila anayerudi anataka kikundi kijenge darasa kijijini kwake, na ana haki ya kutaka. Tulituma mara mbili kwa mtu mmoja mmoja tukaleta ugomvi kijijini, watu wakaanza kuulizana kwa nini fulani. Siku hizi hatutumi mpaka kuna kamati ya kule kule, wao wametaja wanachotaka, wao wamechangia chao hata kama ni nguvu tu, na risiti zinasomwa kwenye mkutano wao kabla ya wetu. Inachelewesha, ndio. Wacha ichelewe.

—

Mzee wa kikundi

Wanangu, mimi nilikwenda miaka ya sabini. Wakati ule mambo haya bado machanga, Waingereza walianza VSO, shirika lao la kutuma wanaojitolea, 1958, Wamarekani 1961 na Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kabisa kupokea, Wajapani 1965, Umoja wa Mataifa 1970. Barua ilichukua wiki hata mwezi. Ukirudi umerudi, mlango umefungwa nyuma yako, unaomboleza unamaliza.

Miaka mingi niliwaambia vijana wanaorudi kwamba na wao wataomboleza wamalize kama sisi. Nilikosea. Kijana wa leo hajaondoka kabisa kule, simu iko mfukoni, anaamka anakuta ujumbe, mama mwenye nyumba ana mgonjwa, mtoto kafukuzwa ada, mvua imebomoa ukuta. Anatuma mpaka anakopa. Binti mmoja alinionyesha simu yake tukiwa tumekaa kwenye ngazi nje ya ukumbi, meseji kumi na nne za siku moja, na hakuna hata moja ya mtu mbaya, wote watu anaowapenda. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumpa hotuba ya subira. Nikaikunja. Tukakaa tukaandika pamoja jibu moja la heshima, kwamba amerudi, bado hajapata kazi, atakuwa anasaidia jambo moja kwa mwaka na sio zaidi. Alichagua ada ya yule mtoto. Nilimuona mabega yanashuka.

Viongozi tuwafundishe hilo kabla hatujawafundisha kutoa mada mashuleni. Na sisi wazee tukaribishwe kusimulia ila tuwekewe saa.

—

Mratibu wa wapya (kazini ni mshauri nasaha)

Mzee umenigusa. Naongeza kidogo. Kuna watafiti wawili, John na Jeanne Gullahorn, 1963 waliandika kwamba kuzoea ugenini na kurudi kwenu kunafuata umbo kama herufi W, unashuka ugenini, unapanda, ukirudi unashuka tena. Sio kila mtu anapita hivyo hivyo, ila nikimchorea mtu kwenye karatasi anapumua, kumbe anachosikia kina wenzake.

Kwa niliowapokea mimi kushuka kunakuja mwezi wa tatu mpaka wa sita, wakati ambao vikundi vingi vimeshamaliza kukaribisha. Kwa hiyo sisi tunapiga simu tatu, wiki ya pili, mwezi wa tatu, mwezi wa sita. Ile ya mwezi wa tatu ndo ya muhimu, usiiruke.

Na tafadhali sana, kuna wanaorudi na mambo mazito, ajali, kushambuliwa, kufiwa na mwenzao kule. Kiongozi sio tabibu. Uwe na majina ya wataalamu mkononi, umsindikize mpaka mlangoni, na alichokwambia kisifike kwenye grupu hata kwa kumwombea dua.

—

Mwanachama wa kikundi kilichokufa

Cha kwetu kilikufa, niseme ukweli. Tulikuwa tisa na tulijipangia kazi za watu tisini, jarida kila mwezi, maonyesho, chakula cha mwaka. Watatu walichoka wakaondoka bila kugombana na mtu, waliobaki tukazidiwa. Baada ya mwaka tukaanza upya kwa kutembea tu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, masaa mawili, hakuna muhtasari hakuna ada. Tuko kumi na nne sasa na sijui tunaitwaje kisheria ila tunakutana.

—

Mgeni

Samahani, mimi sio kiongozi. Nimerudi siku kumi na mbili zilizopita, nimesoma uzi wote usiku huu. Huku nilipo hakuna kikundi. Naruhusiwa kuandika hapa?

—

Mwenyekiti

Unaruhusiwa sana, karibu nyumbani. Kesho saa moja jioni nakupigia, niachie namba inbox, na mratibu wa wapya hapo juu atakutafuta mwezi wa tatu, mratibu naomba umwandike. Usiandae chochote cha kusema. Nitaanza mimi, nitakuuliza jirani yako wa huko alikuwa anaitwa nani.