Suns 2024-25: Kosa Lilikuwa la Kocha au la Mwenye Timu?

Mkazi wa Tanga: Ndugu zangu, msimu ule wa kawaida uliniumiza sana. Phoenix Suns, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilianza kwa kushinda mechi 8 kati ya 9, ikamaliza na ushindi 36 na vipigo 46, ya 11 Kanda ya Magharibi, ilhali ndiyo iliyokuwa ikilipa mishahara mikubwa kuliko timu zote za NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko. Kesho yake kocha Mike Budenholzer akatimuliwa. Je, kosa lilikuwa lake, au la mwenye timu, Mat Ishbia, aliyewatoa Mikal Bridges, Cam Johnson na nafasi 4 za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza ili ampate nyota Kevin Durant?

Mwalimu wa Kikapu: La kocha. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kuwatazama, na kila mara niliona jambo lile lile: mlinzi anakwama kwenye kizuizi, yaani mpinzani aliyesimama kumfungia njia, mchezaji mrefu anarudi chini ya kikapu badala ya kutoka, mpinzani anatupa pointi tatu bila bughudha, kisha wote watano wanabaki kutazamana. Hayo hurekebishwa mazoezini. Na tuambizane ukweli: wengi mnaomlaumu mwenye timu mlihamia Suns pamoja na Durant mwaka 2023.

Mkazi wa Tanga: Hapo umenikosea, Mwalimu. Niliipenda timu hii enzi za Steve Nash, nikaivumilia iliposhinda mechi 19 tu msimu wa 2018-19, na mwaka 2021 nikaiona ikiongoza fainali 2-0 kabla ya timu ya Milwaukee Bucks kushinda nne mfululizo, tena wakifundishwa na Budenholzer huyu huyu. Utaniitaje shabiki wa kuhamahama?

Dada wa Kisumu: Mimi nilikuja na Durant, na sioni aibu yoyote. Katika mechi 20 alizokosa msimu ule, timu ilishinda 3 tu. Sasa yuko timu ya Houston na nitamtazama huko, lakini walioivunja Suns sijawasamehe.

Mwalimu wa Kikapu: Basi dada yangu umethibitisha nilichosema. Anayemfuata mchezaji hawezi kuipima timu kwa haki.

Dada wa Kisumu: Kwa hiyo sisi tulioujua mchezo huu kupitia mtu mmoja tunyamaze? Nani kati yenu alizaliwa akiipenda Phoenix?

Mzee wa Bandari: Wanangu, punguzeni jazba. Monty Williams aliondolewa 2023, Frank Vogel 2024 baada ya kushinda mechi 50, na Budenholzer 2025. Makocha watatu katika miaka mitatu, na aliyewaajiri wawili wa mwisho na kuwafukuza wote ni mmoja. Mchezaji wetu Bradley Beal alikuwa na kipengele cha kukataa kuuzwa katika mkataba wake, na kanuni za ligi haziruhusu timu yenye gharama kubwa kiasi kile kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili imchukue mmoja. Kocha angebadilisha nini? Alimpeleka Beal benchi mwezi Januari, na bado mambo hayakukaa sawa.

Mwalimu wa Kikapu: Vogel alishinda 49, mzee wangu.

Mzee wa Bandari: Nashukuru, ni 49. Mimi nazungumzia kufukuzwa kwake.

Mdau wa Kampala: Mbona hamtaji kilichopatikana? Durant alipokwenda Houston, Suns ilipata Jalen Green, Dillon Brooks na nafasi ya 10 ya kuchagua chipukizi, iliyomleta Khaman Maluach, kijana aliyezaliwa Sudan Kusini akakulia huku kwetu Uganda na kuchezea Sudan Kusini katika Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Mimi nimeanza kuifuata Suns kwa ajili yake, na sitaomba radhi kwa mtu.

Mwalimu wa Kikapu: Huyo ni wenu, nawapongeza. Ila naye akiuzwa, mtabaki?

Mkazi wa Tanga: Mwache aingie, Mwalimu, hatuna mlango wa kumfungia. Ninachotaka kujua ni kama safari hii atapewa kocha atakayedumu naye zaidi ya msimu mmoja, maana mrefu wa umri ule hafundishiki kwa mfumo unaobadilishwa kila Mei.

Mwalimu wa Kikapu: Budenholzer alifukuzwa Aprili.