Mwajiri akupime tabia kwa unayoposti?

Mtoa mada: Waajiri wengi sasa wanapekua kurasa za mitandaoni za mwombaji kazi kabla ya kumwita kwenye usaili. Nawaunga mkono. Utafiti wa 2010 kwa watumiaji 236 wa Marekani na Ujerumani ulikuta kurasa zao zinafanana na tabia zao halisi kuliko vile walivyotamani kuwa.

Mchangiaji 1: Mkuu, malizia. Utafiti huohuo ulikuta wageni wanakisia vizuri uchangamfu wa mtu, ila wanakwama kwenye utulivu wa hisia. Sasa mwajiri wa nesi au keshia anatafuta lipi kati ya hayo?

Mchangiaji 2: Macho ya watu yana mipaka, kompyuta je? Mwaka 2015 watafiti walitumia laiki za Facebook za watu zaidi ya 86,000. Laiki 10 zilimshinda mfanyakazi mwenza kukisia majibu ya dodoso la tabia, 70 zikamshinda rafiki, 300 zikamfikia mwenzi wa ndoa.

Mchangiaji 1: Hizo ni laiki, hapa tunajadili maandishi. Hata hivyo uwiano kati ya makisio ya kompyuta na majibu ya watu wenyewe ulikuwa 0.56, ambapo 1 ni kulingana kabisa. Uzidishe kwa wenyewe ujue umeeleza sehemu gani ya tofauti, unapata kama 0.31: zaidi ya theluthi mbili ya tofauti kati ya watu haijaelezwa. Kwa kundi kubwa inasaidia. Kumnyima mtu mmoja kazi kwa hilo ni kumwonea.

Mchangiaji 3: Na Kiswahili kina mtego wake. Programu za Kiingereza za kukisia tabia kwa maandishi huhesabu neno la “mimi” (“I”) likiwa limesimama peke yake. Kwetu limejificha: “nimechoka”, “sitaki”, “sikulala”. Ukisema basi ihesabu kila “ni”, itabeba na “ni mwalimu” na “nyumbani”. Lazima kwanza kitenzi kichambuliwe viambishi. Kisha ondoa aya za dini, mashairi ya nyimbo na zile “imetumwa kama ilivyopokewa”, maana si maneno yake. Yakibaki chini ya maneno 1,000, usipime kabisa.

Mtoa mada: Hapo mmenibana. Ila nikikuta mwombaji anatukana wateja hadharani, nifumbe macho?

Mchangiaji 1: Usifumbe, hicho ni kitendo, hakihitaji kukisiwa. Hakikisha akaunti ni yake, maana za bandia zimejaa. Angalia tarehe: ya 2012 huenda aliandika akiwa shule. Soma uzi mzima, si picha iliyokatwa. Halafu mwite, mwonyeshe, ajieleze. Na kwa Kenya, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake.