Naomba ushauri: pedali ya breki laini kwenye gari la umeme

Wakuu, gari ni la umeme, busta ya breki (kifaa kinachoongezea mguu nguvu) nayo ni ya umeme. Baada ya kubadilisha mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye tairi la nyuma kushoto, pedali imekuwa laini kama sponji. Ukipampu mara 3 inapanda na kukaza. Ukiikandamiza sekunde 30 haizami, na hakuna panapovuja, kwa hiyo masta silinda (pampu kuu ya breki) siishuku.

Upepo umetolewa kwenye breki za matairi yote 4 kwa mafuta mapya ya breki ya DOT 4, karibu lita 1, na kopo la mafuta la juu halikukauka. Nadhani hewa imebaki ndani ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukifunga breki), kwenye njia ambazo valvu zake hubaki zimefungwa. Kupampu kwa mguu hakuzifikii.

Je, yupo aliyeitoa bila kompyuta ya kufungulia valvu hizo? Na wakati wa kutoa upepo, busta mnaiacha na umeme au mnazima kabisa?

Gari nimelisimamisha. Kwa mwendo wa kawaida mota inalipunguza mwendo huku ikirudisha chaji, hivyo ubovu haujionyeshi. Hatari ni breki ya ghafla.